Kifungu cha Ndala

Ligi yetu ya magari pale Tandika ina sheria nyingi kuliko madereva. Njia yenyewe ilitoka mtumbani, boksi la Scalextric lililochakaa ambalo shemeji yangu alilinunua akidhani ni treni. Kwa asiyeujua mchezo: vipande vya plastiki vinaungwa kuwa barabara yenye mifereji miwili myembamba. Gari, dogo mara 32 kuliko gari la kweli, lina ulimi chini ya pua unaozama mferejini, na vishungi viwili vya nyuzi za shaba vinavyosugua reli na kuchota umeme. Wewe kazi yako ni kubana kitufe. Ukikibana sana kwenye kona, gari linaruka na kwenda kulala chini ya kabati la vyombo.

Ulaya na Marekani wenye mchezo wao hugombana kama vipuri vya kujitengenezea viruhusiwe, au gari likimbie vilevile lilivyotoka kwenye boksi. La kwetu lilitoka kwenye boksi bila matairi ya nyuma. Hoja ikafia hapo, matairi yakakatwa kwenye ndala.

Mpwa wangu ndiye aliyegundua kuwa soli ya ndala ya bluu ni laini na inang'ang'ania njia. Akaanza kushinda kila Jumapili. Mwalimu mstaafu, ambaye ni katibu wetu kwa sababu ya mwandiko wake, akaleta kifungu: matairi yatokane na ndala iliyokufa tu. Iliyokufa ni ipi? Iliyokatika kamba.

"Sasa Mwalimu, kamba si inakatwa tu?" mpwa akauliza.

Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndala mguu mmoja, akaomba naye achangie hoja. Kifungu kilipita bila kupingwa.

Vishungi navyo vina kesi yake. Fundi redio wa mtaani alituonyesha kuwa chini ya ganda jeusi la waya wa antena kuna wavu wa shaba. Ukikata kipande cha urefu wa kidole na kukifinya kikawa bapa, unapata kishungi safi kuliko cha dukani. Tukamsifu. Hakuna aliyeuliza waya umetoka wapi, mpaka Simba na Yanga walipoingia uwanjani na runinga ya jirani ikajaa chenga. Jirani alikuja na rimoti mkononi, ameishika kama panga. Jioni ileile Mwalimu akaandika: kipuri cha kujitengenezea kitoke nyumbani kwa anayejitengenezea.

Fundi hakukata tamaa. Alivunja spika mbovu, akabandika kipande cha sumaku chini ya gari lake ili ling'ang'anie reli za chuma. Lilipita kona kama limepigiliwa misumari. Bahati mbaya tunachezea barazani, na mchanga wa Dar una punje nyeusi zinazopenda sumaku. Kufikia jioni gari lilikuwa limeota ndevu na gia zimekwama. Mwalimu alipiga marufuku sumaku hata hivyo. Alitukumbusha Akron, Ohio, mwaka 1973, kwenye mbio za watoto za magari yasiyo na injini. Gari la mshindi lilipigwa eksirei, pua yake ikakutwa na sumaku ya umeme iliyokuwa ikivutwa na bamba la chuma la kuanzia. Alinyang'anywa ushindi.

Fundi akamjibu kwa Formula 1: mwaka 2020 Racing Point walitozwa faini ya euro 400,000 na kukatwa pointi 15, kwa kuwa mifereji yao ya kupoza breki za nyuma ilifuata michoro ya Mercedes. Kosa lao ni kutojibunia wenyewe! Huko unaadhibiwa usipojitengenezea, huku unaadhibiwa ukijitengenezea.

Mimi naona kila kifungu, ukikikwangua, chini yake kuna jina la aliyeshinda wiki iliyopita. Mwalimu hajawahi kushinda, kwa hiyo hakuna kifungu kinachomgusa. Mwenyewe anasema ni uadilifu.

Jumapili iliyopita umeme ulikatika katikati ya fainali. Mpwa akatoka nje mbio, akarudi na betri ya bodaboda, volti 12 kamili, akaichomeka kwenye njia. Je, betri ni kipuri? Imetoka nyumbani? Mwalimu alikuwa bado anafungua daftari wakati mwenye bodaboda anaingia, na nyuma yake abiria aliyekuwa akienda Mbagala, kofia ngumu bado kichwani. Abiria alitazama magari yakizunguka mizunguko kadhaa, akaketi, akauliza njia ya pili inachezwa na nani.