Sifa za Bata wa Domo la Njano

Katika nchi ya Bukoba na Muleba, ambamo hata senene, naye ni mdudu tu, hupokewa kila Novemba kwa shangwe isiyopungua ya harusi, ni dhuluma kubwa kwamba bata mwitu wa domo la njano, jirani yetu wa siku zote katika maziwa ya Ikimba na Burigi na katika mafunjo ya bonde la mto Ngono, hatajwi ila na mwenye njaa.

Tuanze na libasi yake. Mwili wake, upatao sentimita 50 na ushei, una rangi ya majivu na udongo, kila unyoya ukiwa umetarizwa ukingo mweupe. Na juu ya ufukara huo ameweka domo la njano kama ndizi mbivu, lenye mstari mweusi juu yake, na bawani ameficha ukanda wa kijani ing'aayo ambao hauonekani vema ila anaporuka. Mume na mke huvaa sare moja, hata haikupata kusikika nyumba ya bata iliyovunjika kwa gharama za nguo.

Wenye inda humlaumu kwa namna alavyo, kichwa kikiwa topeni na makalio yakielekea mbinguni, akichuja mbegu, mizizi na wadudu; wakasahau kwamba wako wengi walao kwa adabu kamili vitu wasivyovichuma.

Ama kuhusu uzazi wake, mvua zikikolea jike huchagua mahali penye nyasi nene karibu na maji, akafanya kishimo ardhini, akakitandika majani na manyoya ya kifua chake mwenyewe, kisha akataga mayai baina ya 4 na 12. Dume, aliyekuwa mwingi wa ahadi wakati wa posa, humwacha aatamie peke yake kwa muda wa kama wiki nne. Naye pia twamsifu, kwa kuwa akishakwenda zake harudi na wazee wa ukoo kudai vifaranga wala kugawa kibanja.

Fauka ya hayo, jike ana uwongo ambao hapana kadhi awezaye kuuhukumu: adui akikaribia makinda, yeye hujikokota huku akipigapiga maji kwa bawa, kana kwamba limevunjika, hata yule adui, kwa tamaa yake, amfuate mbali, kisha huruka salama.

Basi asemaye kwamba bata ni mjinga na atutajie, miongoni mwa wakubwa wetu wenye fasaha, ni nani aliyepata kujidhihirisha dhaifu ili wadogo walio chini yake wasalimike. Akimpata, tutamkabidhi mtu huyo sifa hizi zote kwa radhi, za domo na za makalio pamoja.