Nchi Ije na Lori

Novemba 2023 broka alisimama kwangu Kimumu, akachota kiganja cha mahindi, akatafuna punje moja na kuitema. "3,400," akasema. Hiyo ni bei ya gunia la kilo 90.

Nilicheka. Mwezi uliotangulia serikali ilikuwa imetangaza 4,000, na katikati ya mwaka huohuo sote tulishuhudia gunia likipita 5,000. Mimi na magunia yangu 42 kutoka shamba la Ziwa tungengoja 6,000.

"Kijana, unajua sisi watu wa Uasin Gishu ndio tunaolisha hii nchi?"

"Basi Mwalimu, nchi ije na lori," akajibu, akawasha pikipiki.

Utauliza mbona sikuzifuata zile 4,000. Ghala la serikali lilitaka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mvua za El Niño zilikuwa zinanyesha kana kwamba zimelipwa. Niliyaanika kwenye turubai kando ya barabara, nikayaanua, nikayaanika tena, nikifukuza mbuzi wa jirani kwa mwavuli. Kufikia yalipokauka, 4,000 nayo nilikuwa nimeshaiona kama matusi.

Hesabu ilikuwa tamu: 42 mara 6,000 ni 252,000. Nikaenda Langas kwa fundi wa viti nikaacha arubuni ya 15,000 kwa seti ya watu saba, kitambaa rangi ya kahawa. Vile viti vya zamani nikampa shemeji siku hiyohiyo, kwa ukarimu wa mtu mwenye pesa. Sebule ikabaki wazi. Stoo nayo ikaanza kuvuja, basi magunia yakahamia sebuleni.

Mama watoto alinishauri tununue ile mifuko isiyopitisha hewa, ambayo mdudu akifungiwa ndani hufa kwa kukosa pumzi. Nikamwuliza ya nini, na mahindi yanaondoka Januari? Januari nikasema Februari. Februari nikasema watu wakianza kupanda bei itapanda nayo, maneno ambayo bado naona yalikuwa na mantiki, ila bei haikuyasikia.

Usiku mmoja wa Aprili nilisikia kitu kama manyunyu. Nikatoka nje: nyota tupu. Nikarudi nikaweka sikio kwenye gunia. Manyunyu yalikuwa humo. Dumuzi, yule ambaye wakulima wengi humwita Osama, alikuwa kazini. Asubuhi unga mweupe ulikuwa umelala sakafuni kuzunguka kila gunia, umesagwa vizuri kuliko wa posho mill. Nikanunua dawa. Nadhani waliipenda.

Fundi naye alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. Nilimjibu kwa heshima mpaka Mei, kisha nikaacha kujibu.

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ikawa jiji la tano la Kenya, na shemeji akaja kutazama sherehe kwenye televisheni yetu. Nikamkaribisha juu ya gunia. Alipokaa, likashusha pumzi ndefu na kuzama, naye akainuka na suruali nyeusi iliyogeuka ya mpishi wa chapati.

"Mwalimu," akasema akijipangusa, "hata kule kwangu kijijini tunakalia viti." Viti vyangu.

Jioni nikampigia broka.

"Nani?"

"Mwalimu wa Kimumu."

"Aah, yule wa kulisha nchi!"

Kesho yake akaja na lori, nashukuru. Akashika gunia la kilo 90 kwa mkono mmoja, akalitikisa kama njuga. "1,500. Ni ya kuku."

"Fanya 1,600."

Akacheka, tena kile kicheko changu cha Novemba, hakukosa hata pumzi moja.

Lilipoondoka lori, sebule ikawa pana kama uwanja. Tukatandika mkeka. Nikatoa simu nikampigia fundi wa viti. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena.