Kambare, Bwana wa Maji Haba

Samaki hupimwa vibaya, kwa sababu hupimwa mto ukiwa umejaa. Mpimeni Oktoba, Ruvuma ikiwa imejikunyata katikati ya mchanga na vijito vya chini ya uwanda wa Makonde vimekatika madimbwi, ndipo mtamjua muungwana. Trauti, kipenzi cha wavuvi wa starehe, hapo hafikishi jioni. Waingereza walimpandikiza mto Gura, Kenya, mwaka 1905, akafuata milima yenye baridi, maana hutaka maji ya ubaridi, maangavu, yanayokwenda mbio. Joto likipita nyuzi 20 huanza kutaabika, na mvuvi mstaarabu wa Ulaya, mto ukipungua, hukunja mshipi wake kwa huruma. Kabla ya hapo humnyemelea kwa magoti, na uzi mwembamba kama unywele na inzi wa manyoya mdogo kama punje ya mtama, akiogopa hata kivuli chake mwenyewe. Samaki wa kubembelezwa hivyo ni mgonjwa, si mfalme.

Kambare habembelezwi, mgono wa fito unamtosha, au ndoana yenye nyungunyungu. Ndani ya kichwa, juu ya mashavu, ana kiungo chenye vitawi kama koliflawa, cha kuvutia hewa hii hii tunayovuta sisi. Dimbwi likichacha huja juu, humeza pumzi, hurudi gizani. Likikaribia kukauka hujizika kwenye tope bichi, au usiku wa umande hujikongoja kwa miiba ya mapezi kutafuta jingine. Watu wa Newala, huko juu ya uwanda, wasimcheke. Wao wenyewe wamejenga juu ya mchanga unaomeza mvua yote, na Karl Weule, Mjerumani aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, alistaajabu kuona watu wanakaa mbali na maji kisha wanateremka kuyafuata. Lakini kichaka kikavu kilikuwa ngome dhidi ya wavamizi, na ushuru wa ngome hiyo ulikuwa mtungi kichwani.

Wapo wasemao ananuka tope. Ananuka, kwa kuwa wenzake walipokufa yeye alibaki humo. Siku mbili katika maji safi, kisha ndimu, chumvi na moshi, na shutuma inakwisha. Mlafi? Naam, hula hata watoto wa wenziwe. Ndiyo maana wafugaji humtia makusudi kwenye bwawa la perege, ambao wakizaana bila mlinzi hudumaa wote. Wasabato humkataa kwa Walawi 11, kwamba hana magamba. Hapo sina jibu, ila naona kambare amepata kinga ambayo perege maskini hana.

Shutuma nzito ni ile ya mtaani: nyumba ya kambare, baba ana sharubu, mama ana sharubu, mtoto ana sharubu, basi hakuna mkubwa. Wasemao hivyo wamedhani sharubu ni cheo. Ni vidole vya kupapasia na kuonjea, mahali ambapo jicho halina kazi. Trauti, anayewinda kwa macho, angekaa humo na njaa yake akingoja maji yatulie. Mtoto wa kambare, na utovu wake wote wa adabu, ameshakula.