Fundi, Dari Lako Linavuja

Simu za masika huanza usiku, mvua bado inapiga bati, na anayepiga hana muda wa salamu. "Fundi, dari lako linavuja."

Juzi tu lilikuwa dari lake. Wageni walikunja shingo kutazama taa za rangi na ua la katikati, naye akawaambia, "Mtindo huu niliuchagua mwenyewe kwenye simu, fundi nilimwelekeza tu." Tone la kwanza likatua kwenye kochi, na umiliki ukahamia kwangu bila hati wala shahidi.

Nafunga madari ya jipsamu Dar es Salaam, na tatizo la kazi hii ni kwamba sisi huitwa mwisho. Kabla yangu wamepita fundi bati, fundi umeme, fundi bomba na, kwa wenye nazo, fundi AC. Kila mmoja ameacha mambo yake huko juu gizani, amelipwa, amebadilisha namba ya simu. Fundi bati alipiga msumari ukakosa papi, akauchomoa, tundu akamwachia Mungu. Mimi nafunika. Kuanzia siku hiyo kila kosa lao likitaka kutoka, njia ni moja tu: bodi yangu.

Nilijaribu kumweleza mzee mmoja wa Tabata. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza mbali kabisa: kwamba jipsamu ni jiwe, kwamba hapa nchini linachimbwa sehemu kama Makanya kule Same, kwamba linachomwa na kusagwa liwe unga, na unga ule ukipigwa maji unarudi kuwa jiwe. Nikaongeza, ili aone nimesoma, kwamba karibu sehemu moja ya tano ya uzito wa jiwe lile ni maji yaliyofungwa humo humo, na ndiyo maana nyumba ikishika moto bodi hustahimili muda: sharti maji yale yatoke kwanza kama mvuke. Mzee alinisikiliza kwa makini mno.

"Kwa hiyo lina maji ndani."

"Ndiyo, mzee, lakini hayo si ya…"

"Basi umemaliza, mwanangu. Nilikuwa namsingizia fundi bati wa watu."

Kazi yenyewe ni ya shingo. Bodi moja ina urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.2, na lazima ikae juu ya vichwa vyenu mpaka skrubu zishike. Mmarekani Augustine Sackett alipata hataza ya bodi zake za plasta na karatasi mwaka 1894. Naamini yeye alikuwa na watu wa kumshikia. Mimi nina dogo mmoja. Na skrubu ya jipsamu ina adabu zake: kichwa kizame kidogo tu, karatasi ya juu ibonyee bila kuchanika. Ikichanika, skrubu imeshika unga, na unga haujawahi kushika kitu. Dogo siku zake za mwanzo aliegemea drili kama anachimba kisima, skrubu ikapita mpaka upande wa pili, na bodi ikatukalia utosini. Tukabaki juu ya majukwaa, kila mmoja akimngoja mwenzake ashuke kuleta skrubu nyingine. Chini yetu ndoo ya plasta niliyokwisha koroga ilikuwa inaganda na katani zangu zote ndani, maana plasta ikishakutana na maji haina "subiri kidogo". Simu ikaita mfukoni. Mama mwenye nyumba akachungulia, akatuangalia tulivyojitwisha dari lake, akasema, "Fundi, karibuni chai."

Ndoo ile mpaka leo anaikalia mlinzi.

Halafu kuna wateja wa tochi. Dari limefungwa, maungio yamewekwa tepu, skimu imepigwa na kusuguliwa, dogo ni mweupe mpaka kope, na katika daladala abiria wanamwachia siti nzima. Mteja anakuja jioni, anawasha tochi ya simu, anaibandika ukutani sentimita chache chini ya dari, mwanga unatambaa kwa ubavu. Hakuna uso utakaopona kwa mwanga wa namna hiyo, hata wa bibi harusi. "Fundi, hapa pana mlima." Ukiuliza nani atakayekaa sebuleni akimulika dari kwa ubavu, unaambiwa unaleta siasa.

Fundi umeme ndiye aliyenitia aibu kubwa kuliko wote. Rangi imekauka, yeye ndiyo anakumbuka kwamba hakupitisha waya wa feni. Akapanda kimya kimya mchana, siku ambayo wazee walikuwa sebuleni kwa shughuli ya posa. Huko juu unakanyaga mbao za kenchi, hukanyagi bodi. Hilo kila fundi analijua mpaka anapotafuta waya kwa tochi ya mdomoni. Mguu ukatokeza darini hadi gotini, juu kidogo ya mshenga, na kandambili ikadondoka karibu na bahasha ya mahari. Nilisimuliwa kwamba mshenga aliutazama mguu, akauliza, "Na huyu naye ni wa upande gani?" Jioni nikapigiwa simu. Dari langu, nikaambiwa, ni laini mno.

Maofisini ni afadhali kidogo. Huko vigae vya sentimita 60 kwa 60 hukaa tu juu ya fremu za chuma, na ukitaka kuona ya juu unakisukuma kimoja. Fundi wa intaneti anakisukuma kwa mikono iliyotoka kwenye chipsi, alama za vidole zinabaki, meneja anauliza mbona vigae vyangu vinachafuka haraka. Ofisi moja niliitwa kubadilisha kigae kilichobonyea juu ya meza ya uhasibu. Nikakisukuma, nikakutana na birika la umeme, bado la moto, pamoja na kopo la sukari. Kumbe uongozi ulipiga marufuku mabirika. Nikatazama chini: idara nzima imeacha kuandika, inanitazama mimi. Kwenye ripoti nikajaza, "Unyevu." Sijawahi kulipwa haraka vile.

Nyumbani kwa watu, hata hivyo, nilihitaji ushahidi. Nikabuni utaratibu: kabla sijafunga dari, kila fundi aliyepita huko juu aandike jina lake kwa kalamu ya wino kwenye mgongo wa bodi, chini ya eneo lake. Fundi umeme akaandika, fundi bomba akaandika, fundi bati akaandika kwa herufi kubwa kabisa, na mimi pembeni.

Masika yakaja, simu ikaita, nikaenda kifua mbele. Nikaikata bodi iliyolowa, nikaigeuza mbele ya mwenye nyumba. Maji yalikuwa yamepita pale pale nilipotabiri, na yalikuwa yamefuta jina la fundi bati lote. Kwenye kona iliyobaki kavu lilisomeka jina moja.

Mwenye nyumba akavaa miwani. "Fundi," akasema, "si hili hapa lako?"