Suka Mkeka Wako Mwenyewe: Mwongozo kwa Waliochoka Kupunjwa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, na bila shaka ndiye wewe: yule aliyesimama mbele ya mama muuza mikeka, akautandaza mkeka wa ukindu wa rangi tatu, akaukunja, akautandaza tena, akauliza bei, akatajiwa, akashika kiuno na kusema, "Aa, mama, si majani tu haya?" Hoja yako ilikuwa na nguvu. Ni majani kweli. Mama mwenyewe hakubisha. Alikutazama kidogo, kisha akarudi kwenye ukili aliokuwa akiusuka. Sasa umefika nyumbani na hasira zako, sebule haina kitu, na umeapa kwamba Jumamosi hii, kabla mpira wa saa kumi haujaanza, utakuwa umesuka wa kwako. Hongera sana.

Mahitaji ni machache: ukindu, maji, sufuria, rangi, kisu kidogo, sindano kubwa ya shazia, na mgongo. Mgongo mzuri ni wa mtu aliyezoea kukaa chini. Ule uliolelewa na kiti cha ofisi chenye magurudumu haufai, lakini kama huna mwingine, tumia huohuo.

Tuanze na ukindu, na usijisumbue kuuulizia supamaketi. Ukindu ni majani ya mkindu, jamaa wa mtende anayeota kandokando ya mito na kwenye mabonde yenye unyevu. Kuutambua mti si kazi: ni ule ambao ukilishika kuti lake, unapiga kelele. Vijani vya chini kabisa vya kuti la mkindu vimegeuka miba, mirefu na mikali, nayo imepangwa hasa pale ambapo mkono wa mgeni hutangulia. Kuti unalolitaka si lile lililokwisha kufunguka na kukomaa kijani. Hilo ni gumu, waachie mbuzi. Unataka lile changa lililosimama katikati ya mti, limejifumba, bado halijaota jua, kwa sababu ndilo linalotoa ukindu mweupe na laini. Kata moja au mawili, nenda mti mwingine. Ukiyamaliza yote mti unadumaa, na mwenye shamba atakuja na panga mkononi kukusalimia.

Andika gharama zako pembeni tangu sasa: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na ile ambayo konda atakudai kwa ajili ya mzigo, maana ukindu ukishapakiwa kwenye daladala unahesabiwa kuwa abiria, na tena abiria aliyekaa.

Ukifika, chambua vijani kimoja kimoja, vitandaze juani mpaka vikauke na kuwa vyeupe. Kuhusu muda, wajuzi wanasema "siku kadhaa", na ukiwabana zaidi wanasema "mpaka ukauke". Kwa hiyo ile Jumamosi imeshapita, na mpira wa saa kumi unaweza kuutazama kwa raha zako. Magharibi uuingize ndani, kwa sababu umande unautia madoa. Asubuhi utoe tena. Wingu likitanda ukiwa kazini, ombea. Kama unasoma haya mwezi Aprili, masika yamekolea, weka mwongozo huu kabatini utuone Juni.

Kisha unachana, na hapa naomba utulie. Mwanamke aliyeizoea kazi hii hulishika jani kwa mkono wa kushoto, akalichoma kwa ukucha wa kidole gumba karibu na ncha, akavuta mara moja. Utepe unatoka umenyooka mwanzo hadi mwisho, akauweka pajani na kuchoma mwingine, huku anaendelea kukusimulia harusi ya jana na nani hakualikwa. Hatazami. Macho yako kwako, anaangalia kama umeipata ile habari. Wewe utachoma, utavuta, na kitatoka kitu kilichoanza na upana wa kidole na kuishia unywele. Tupa. Chukua jani jingine. Usijidanganye kwamba tofauti ndogo haitaonekana. Leo haionekani, ni kweli. Itaonekana utakapokuwa na mita mbili za ukili, pale utakapoanza wenyewe kupinda na kuelekea chooni.

Rangi. Wazee walichemsha mizizi ya mdaa wakapata weusi, magome ya mkoko wakapata wekundu wa hudhurungi, na manjano ya jikoni wakapata jina lake. Siku hizi kuna rangi za unga, zinauzwa kwenye vipakiti vidogo ambavyo havionyeshi kama vina ubaya wowote. Chemsha maji, mimina unga, zamisha ukindu, geuza mpaka ushike. Sufuria itakayotumika iwe ya mtu mwingine. Wali wa siku tatu zinazofuata utakuwa na rangi ya zambarau kwa mbali, nao watoto wataufurahia kuliko mama yao. Kuhusu vidole, hakuna dawa. Nenda navyo ofisini hivyohivyo, na watakapokuuliza umepiga kura wapi, taja kituo chochote.

Sasa kusuka kwenyewe. Ukindu mkavu huvunjika, basi unyunyizie maji kwanza, na upendelee asubuhi na mapema au jioni jua likishapoa. Samaki mkunje angali mbichi; jani nalo likunje likiwa na unyevu. Kaa chini, nyoosha miguu, bana mwanzo wa ukili kwa kidole gumba cha mguu. Panga nyuzi zako, nusu zielekee kulia, nusu kushoto. Wa pembeni upitishe juu ya mwenzake, chini ya wa pili, juu ya wa tatu, ukifika ukingoni ukunje urudi. Kisha wa upande wa pili vivyo hivyo. Juu, chini, juu, kunja, vuta. Ni hilo tu. Hakuna siri nyingine, na kila atakayekufundisha atakwambia hivyohivyo, kisha akuchukulie ukili mkononi na kuufumua.

Ila jani la mkindu ni fupi, halifiki hata urefu wa mkono. Maana yake ni kwamba muda wote unaosuka kuna uzi unaokwisha, na lazima uupachike mwingine juu yake bila kuacha uvimbe, huku ncha zilizobaki ukizitokeza upande wa chini zije zikatwe baadaye. Hicho ndicho kipengele ambacho miongozo mingine hukifupisha kwa neno "endelea".

Ukikwama, tafuta bibi. Kila mtaa wa pwani una bibi anayejua kusuka, ukimkosa, hukumtafuta. Mwamkie vizuri, keti chini kabla hujaambiwa, kisha mwonyeshe ulichofanya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo? Nini hicho?"

"Ukili, bibi."

"Alaa. Mimi nilidhani umetoka machinjioni."

Usikasirike. Atakuonyesha mara moja, polepole kabisa kwa kadiri ya uwezo wake, yaani haraka mno. Mwombe arudie. Mwombe tena. Ukimpelekea sukari kilo moja atarudia bila kuchoka, na hiyo nayo iandike kwenye gharama.

Tupige hesabu kidogo, kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu, ndiyo maana bei ilikuuma. Mkeka wa kulalia tuuchukulie una urefu wa mita 2 na upana wa mita 1. Ukili wako una upana wa vidole vinne, kama sentimita 7. Ili kufunika huo upana wa mita 1 unahitaji vipande 14 vya ukili, kila kimoja mita 2: jumla mita 28. Kwa kipimo cha wenyewe hizo ni kama pima 15, yaani unyooshe mikono yote miwili kulia na kushoto, halafu urudie hivyo mara kumi na tano. Mwanafunzi anayemaliza pima moja kwa siku, ukili wake haujapinda wala haujafumuka, amejaliwa. Tumpe hiyo. Chukua bei uliyoikataa, toa gharama ya rangi na nauli, kinachobaki kigawanye kwa siku 15, bila kuhesabu siku za miba, jua na sufuria. Ni vyema ukaifanya hesabu hiyo peke yako, mlango umefungwa.

Kama hapa moyo umekufa, si aibu kuanza na mradi mwepesi zaidi.

Kuna mpira wa makaratasi, ule wa chandimu, ambao kila mwanamume zaidi ya miaka thelathini anadai aliwahi kuutengeneza kwa dakika tano. Soksi kuukuu, mifuko ya plastiki mingi ya kujazia, kamba ya kufungia. Tatizo ni kwamba Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, kwa faini inayofika shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, na Tanzania Bara ikafuata Juni 2019. Huenda ndio mchezo pekee duniani ambao mpira wake ni kosa la mazingira. Jaza matambara na vipande vya godoro. Utadunda vibaya, lakini utadunda kihalali.

Kuna pia foronya za kudarizi, zenye ndege wawili wanaotazamana na maneno ya mapenzi chini yao. Chora kwa penseli, vuta kitambaa kwenye fremu ya duara, shona kwa uzi wa rangi. Pima nafasi ya maneno kabla hujaanza. Wanaoanza huwa na shauku, herufi za kwanza wanazifanya kubwa mno, na nyumba nyingi zenye heshima zimelalia kwa miaka foronya iliyoandikwa "USINGIZI MWE". Pakacha silitaji. Pakacha husukwa kwa kuti bichi la mnazi na mtu aliyesimama, samaki wanamsubiri, na kulizungumza kama mradi ni kumtukana.

Turudi. Pima zako 15 zimetimia, au umechoka ukasema zimetimia. Sasa unashona. Tunga shazia kwa utepe mrefu wa ukindu uliolowa, laza vipande viwili vya ukili ubavu kwa ubavu, ingiza sindano kwenye tundu la ukingo wa huku, pitisha kwenye tundu la ukingo wa kule, vuta mpaka vikutane vizuri kiasi kwamba mtu akipitisha kidole asijue mmoja umeishia wapi. Fanya hivyo mita 2. Geuka, anza mshono wa pili. Iko kumi na tatu. Kila mahali uliposuka kwa hasira ukili umekaza, kila mahali uliposuka huku unaangalia simu umelegea, na mshono ndio unaowakutanisha hao wawili. Usivute zaidi upande mmoja. Ukivuta, mkeka utafanya tumbo katikati, na tumbo la mkeka haliondoki kwa kupiga pasi.

Jirani atapita wakati huu hasa, akuonyeshe mkeka wake wa plastiki wa dukani, mwepesi, unaofutwa kwa kitambaa, una picha ya maporomoko ya maji. Atakutajia na bei. Mkaribishe chai.

Malizia kwa kukata vishungi vyote upande wa chini, kunja kingo, zishone pindo ili zisifumuke. Kisha utandaze uutazame. Mkeka una pembe nne, na kwa mujibu wa hesabu zote zinapaswa kulingana. Wako utakuwa na pembe tatu zinazosikilizana na moja iliyokwenda zake. Ukiusogeza ukutani, pembe hiyo itapanda ukuta. Ukiulowesha na kuwakalisha wageni wanene juu yake mchana kutwa, itashuka, na jioni wakiondoka itapanda tena.

Wajuzi wamelifikiria hilo. Pembe iliyopotoka huelekezwa uvunguni mwa kitanda, au chini ya kochi zito, na zilizobaki hutokezwa mbele za watu. Mgeni akiinama, akashika ukingo, akauliza mbona huku umekwenda upogo, usitaharuki. Mwambie ni mtindo wa Pemba. Ila kwanza muulize kwao ni wapi.