Mwongozo wa Kusoma Kijerumani Ukiwa Nyamira

Rais Ruto na Kansela Scholz walishuhudia mkataba wa uhamiaji na ajira ukitiwa saini Berlin mnamo Septemba 2024. Vyombo vya habari vikatangaza nafasi 250,000. Serikali ya Ujerumani ikakanusha upesi: mkataba hautaji idadi yoyote. Kanusho hilo linaonekana lilipanda matatu bovu, maana Keroka halijafika mpaka leo. Basi wewe uliyehitimu uuguzi na bado unachuna majani chai ukingoja kaunti itangaze ajira, fuata mwongozo huu.

Anza kwa kutangaza safari kabla hujajua herufi hata moja. Sema kanisani, wakati wa maombi maalumu. Kufikia Jumapili inayofuata, mjomba atakuwa ameshakuomba karo ya watoto wake wawili, na aibu ya kubaki nyumbani itakufundisha kuliko mwalimu yeyote.

Kisha sahau Kiingereza. Hapo ndipo wengi huanguka. Irabu za Kijerumani husomwa karibu na za Kiswahili, lakini konsonanti zimebadilishana kazi: W ni V, V mara nyingi ni F, J ni Y, Z ni "ts", na S ikitangulia irabu huwa Z. BMW ya mheshimiwa ni "be em ve", na Volkswagen ni "Folksvagen". Nenda stendi ya Nyamira ukayatamke hayo mbele ya makanga na mafundi. Usipochekwa, hukutamka sawasawa. EI ni "ai", IE ni "ii", na EU ni "oi". Naam, hata zile yuro unazoziota usiku husomwa "oiro".

Kuna herufi 26 za kawaida, halafu Ä, Ö, Ü na ß. Hii ya mwisho ina tumbo la B, lakini ni S tu. Ukisoma Straße kama "strabe" umepotea njia, na neno lenyewe maana yake ni barabara. Waswisi walichoka nayo wakaandika ss. Wajerumani wakafanya kinyume: mwaka 2017 wakairasimishia herufi kubwa. Kuhusu Ü, chongoa midomo kama anayepiga mluzi, usiiachie, kisha useme "i". Ukisema "e" badala yake, umepata Ö. Zoezi hili lisifanyiwe ndani ya matatu ukiwa umemkabili mke wa mtu.

Sasa habari njema, na wenzetu wa Nairobi wasikie wivu. R ya Kijerumani hukwaruza kooni, nao hulipa pesa nyingi kufundishwa kukwaruza. Wewe muulize nyanya yako mzaa mama aseme "omogaka" kwa Ekegusii, lugha yetu, polepole. Sikiliza ile g ya katikati inavyopita kooni bila kugonga mahali. Si R yenyewe, ila ni jirani yake wa ua mmoja. Tena Ekegusii kina irabu saba, kwa hiyo kutofautisha e mbili na o mbili tulinyonya na maziwa.

Usijisifu mapema, lakini. Ekegusii hakina L wala P, na majirani wametucheka kwa hilo tangu zamani. Mwalimu akisema "leise", anataka mzungumze kwa sauti ya chini. Ukisikia "Reise", ambayo ni safari, utabeba mkoba uondoke. Ukitaka kusema unafunga sanduku, "packen", ukateleza ukasema "backen", umetangaza kwamba unalioka. Wodini hali ni nafuu kidogo: "Bein" ni mguu na "Pein" ni maumivu, na mgonjwa mwenyewe huenda anavyo vyote viwili.

Ukishaweza herufi zote, mjomba ataleta wakala anayeahidi viza ndani ya mwezi mmoja. Mwambie "nein", yaani "nain", kwa sauti ya juu. Herufi ni mwanzo wa A1, na A1 ni ngazi ya kwanza kati ya sita za kupima lugha. Kwa kawaida muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe Ujerumani hudaiwa B2, ambayo ni ya nne.