Tumpe Mbuzi Heshima Yake

Kabla ya mbuzi, binadamu aliishi maisha ya aibu. Aliwinda akisikia njaa, alilala akishiba, na siku ya kuhama alijitwika vichache alivyonavyo akaondoka bila kumuaga mtu. Hakuwa na zizi la kufagia wala jirani wa kununiana naye. Aliyemtoa kwenye uzembe huo ni mnyama mwenye ndevu na macho makavu, na malipo yetu kwake mpaka leo ni chumvi na ndimu.

Kazi ilianza katika milima ya Zagros, magharibi mwa Iran, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mahali paitwapo Ganj Dareh, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mifupa yenye kusimulia utaratibu ambao mfugaji wa leo anaujua vizuri: madume wengi walichinjwa wangali wachanga, majike wakaachwa wazae mpaka wazeeke. Walikuta pia matofali ya udongo yenye alama za kwato. Hapo inafaa tusimame kidogo. Mtu amekanda udongo, amefyatua tofali, ameliacha juani likauke. Mbuzi ana mlima mzima wa kukanyaga, anachagua tofali. Sijui ukaguzi wa ujenzi wa kale kuliko huo. Jina la fundi limepotea, lakini muhuri wa mkaguzi bado unasomeka.

Huko Aşıklı Höyük, katikati ya Uturuki, watafiti wamepima chumvi za mkojo katika tabaka za udongo. Kadiri karne zilivyopita, ndivyo mkojo wa watu na mifugo ulivyozidi kati ya nyumba na nyumba. Wapo wafalme waliohangaika na mawe makubwa ili wakumbukwe. Wale walijisaidia tu, pamoja na mbuzi na kondoo wao, na kumbukumbu yao imedumu.

Tumshukuru pia kwa maziwa. Watu wazima wa zamani hizo walipoyanywa mabichi yaliwavuruga tumbo, kwa sababu mwili, utoto ukipita, ulikuwa ukiacha kusaga sukari iliyomo. Mtu mwenye akili angeacha kunywa. Sisi tuling'ang'ania maelfu ya miaka mpaka mwili wenyewe ukasalimu amri. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wapo watu wa Kenya na Tanzania wenye badiliko la jeni linalowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tena si lile la Wazungu. Ng'ombe atadai sehemu yake ya sifa hapa, na tumwachie.

Kwa upande wa afya, mfano mzuri ni kisiwa cha Malta. Mbuzi walipitishwa mlango kwa mlango na kukamuliwa mbele ya mnunuzi, ili asiuziwe maji. Uaminifu ulioje! Mwaka 1887 David Bruce alitangaza kijidudu cha homa iliyokuwa ikiwalaza askari wa Uingereza kisiwani humo. Chanzo kilitafutwa kila mahali, mpaka mwaka 1905 Themistocles Zammit alipogundua kwamba mbuzi ndio wanaokibeba, na kwamba kinapita kwenye maziwa. Miaka yote hiyo mtuhumiwa alikuwa akija mlangoni mwenyewe, mnene, mwenye afya tele, bila hata kukohoa.

Ila zawadi yake kubwa ni sheria. Mwindaji hana mpaka, kwa hiyo hana kesi. Penye mbuzi na shamba pana mlalamikaji, shahidi na fidia. Qurani, katika Surat Al-Anbiyaa, inawataja Daudi na Suleimani wakihukumu kesi ya shamba lililoingiliwa usiku na mifugo ya watu. Wafasiri husimulia kwamba Daudi aliamua mwenye shamba apewe mifugo ile. Suleimani akaona heri akae nayo kwa muda tu, anufaike na maziwa, huku mwenye mifugo akilihudumia shamba mpaka lirudi lilivyokuwa.

Kesi ya mchicha wangu iliishia kwa mjumbe wa nyumba kumi. Maziwa hayakutajwa. Niliambiwa nijenge uzio, nami nikajenga, wa matofali, imara. Mbuzi wa jirani sasa anaupanda kila asubuhi, na akiwa juu pale anayafikia majani ya mpapai, ambayo zamani yalikuwa yakimshinda.